Bolti iliyoliwa meno ilivyotukosesha mechi ya Sokoine

UNAWEZA kukosa mechi kwa sababu nyingi. Tiketi zimeisha, bosi kagoma kutoa ruhusa, mtoto kaamka na homa. Sisi tulikosa mechi ya Sokoine, Mbeya, kwa sababu ya bolti moja yenye unene wa milimita 12, na hadi leo kundi letu la WhatsApp halijakubaliana kama tulikosa au tuliponea.

Tulikuwa mashabiki saba na dereva, jumla wanane ndani ya Noah ya kukodi. Timu gani siitaji, maana nikiitaja nusu ya wasomaji watafunga gazeti hapa hapa. Itoshe tu kwamba tulikuwa tunaifuata ugenini, mechi ni Jumamosi saa 10 jioni, na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Tukaondoka Mbezi saa 2 usiku wa Ijumaa, jezi tumeshavaa, vuvuzela iko juu ya dashibodi, kana kwamba tunashushwa moja kwa moja jukwaani.

Kelele ilianza Mikumi. Wanaoijua ile barabara ya kukatiza hifadhini wanajua mwendo wake: pole pole, matuta, breki, matuta tena. Kila dereva alipokanyaga breki, chini ya miguu ya aliyekaa mbele kushoto kunagonga: ko! Akiachia breki: ko! nyingine. Mwanzoni tukasema ni jeki imelegea. Mmoja wetu akaishika jeki mapajani kama mtoto. Ko!

Dereva akafanya kile madereva wengi wanachofanya. Akaongeza sauti ya redio.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni ilikuwa kama saa 11 alfajiri, wauza vitunguu ndio kwanza wanapanga magunia yao kando ya lami. Hapo dereva mwenyewe alisimama bila kuambiwa, na kwa hilo nampa pongezi zake. Alisema usukani umeanza kuvuta kushoto akikanyaga breki, halafu akatuonyesha kwa kidevu kule mbele. Kule mbele ni Kitonga. Ukiwa na gari zima Kitonga ni mandhari tu: kona, korongo, malori yanayopanda kwa gia moja. Ukiwa na gari linalogonga, Kitonga ni jambo lingine kabisa.

INAZUNGUKA TU

Fundi tuliyemgongea mlango ana kibanda cha mabati na mwembe. Ni mtu wa makamo, hana maneno mengi. Alimsikiliza dereva, akapiga jeki, akaweka gogo chini ya fremu ili gari lisitegemee jeki peke yake, kisha akaingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini wa tairi na boriti ya chuma unapofungwa ule mkono. Akasukuma kidogo. Ko!

"Mzee, umeisikia?" akamuuliza dereva.

Kwa msomaji ambaye gari kwake ni usukani na viti, ngoja nieleze kidogo. Tairi la mbele halikuning'inia hewani. Juu linashikwa na shokapu na springi. Chini linashikwa na mkono wa chuma, na huo mkono ndio unaozuia tairi lisikimbilie mbele au nyuma. Mkono unafungwa kwenye boriti ya gari kwa bolti chache zinazopita katikati ya bushi za mpira. Ukikanyaga breki, barabara inalivuta tairi kurudi nyuma na mwili wa gari unataka kwenda mbele. Mzozo wote huo unaishia kwenye zile bolti. Ikilegea moja, mkono unacheza, na tairi linabadilisha uelekeo bila kukuomba ruhusa.

Fundi akaweka spana. Bolti ikazunguka. Akazidi kuzungusha, ikazunguka tu, haikazi, haifunguki. Alibinua kichwa chake kwa bisibisi kubwa huku kijana wake akizungusha, ndipo ikatoka taratibu kama jino bovu. Na ilipotoka ilikuwa imejiviringishia kitu kinachong'aa mwilini, mfano wa kaspringi ka ndani ya kalamu.

Hayo ndiyo yalikuwa meno ya nati. Kamusi inayaita hesi, ile mistari inayozunguka bolti na ndani ya nati ili viumane. Meno ya ndani yalikuwa yamekatika yote na kung'oka pamoja na bolti. Na hiyo nati si ile unayoitoa kwa mkono ukatupa ukaweka nyingine. Imechomelewa kiwandani ndani ya boriti, huioni wala huifikii.

Kisha fundi akafanya kitu ambacho tangu siku hiyo nimekuwa nikikifanya mwenyewe kila nikinunua bolti. Alichakura kwenye kopo lake la maziwa ya unga, akatoa bolti nyingine ya Toyota, fupi, isingetufaa, lakini unene ule ule. Akazilaza mbili ubavu kwa ubavu, meno yatazamane, akazinyanyua kwenye mwanga. Bolti za aina moja zikiwekwa hivyo zinaumana kama zipu. Hizi hazikuumana. Mwanga ulipita.

Yetu ilikuwa na meno mapana. Ile ya kopo ilikuwa na meno ya karibu karibu.

Hapo ndipo siri yote ilipokuwa. Bolti ya milimita 12 unayoipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida umbali wa jino hadi jino ni milimita 1.75. Wajapani kwenye magari yao mara nyingi wanatumia milimita 1.25. Unene ni ule ule, kichwa kinafanana, spana inaweza kuwa ile ile. Ukiiingiza kwenye tundu la gari inakubali mzunguko mmoja, hata miwili, halafu inagoma. Mtu mwenye busara anaichomoa. Asiye na busara anatafuta bomba la kurefushia spana.

PILI, ILICHOMEKWA NA NANI?

Wakati huo jua limeshatoka na watu wameanza kuangalia saa. Kukawa na mapendekezo, na mashabiki tunajijua, kila mtu ni kocha.

La kwanza lilikuwa la mwenzetu mmoja anayeuza nondo Tandika: tia bolti nene zaidi, ya 14, ilazimishe ijikatie meno yake. Fundi hakubishana. Alichukua ile bolti yetu akaipitisha kwenye bushi. Ilipita ikiwa imebana. Katikati ya bushi kuna bomba la chuma, na bomba hilo limetengenezwa kwa ajili ya 12. Ya 14 haipiti, na ukilipanua hilo bomba unakuwa umeliua. Huo ulikuwa mwisho wa pendekezo la kwanza.

La pili lilitoka kwa dereva mwenyewe: ichomelewe. Piga moto kichwa cha bolti kishikane na boriti, tupande Kitonga, tukifika Mbeya tutajua. Kusema kweli, mimi nililiunga mkono. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba tukiondoka saa 1 asubuhi tunaingia Mbeya saa 8 mchana, tunakula, tunaingia uwanjani na mapambio yetu.

Fundi akasema hapana. Alisema moto wa kuchomelea utaunguza mpira wa bushi hapo hapo, na bolti iliyotengenezwa kuwa ngumu ikipata moto wa namna ile ugumu wake unaharibika, inaweza kukatika kama biskuti. Na pia, alisema, kichwa kitakuwa kimeshikwa, lakini upande wa pili wa bolti utakuwa unaelea. "Mimi nikikuchomelea hapa, wewe unakufa kule juu, mimi nabaki hapa na jina." Halafu akaenda kuosha mikono kana kwamba maongezi yamekwisha.

Tuligawanyika palepale. Watatu kati yetu, akiwemo mwenye nondo, walisimamisha basi lililotoka Dar usiku na bado lilikuwa na nafasi mlangoni. Waliondoka na vuvuzela. Sisi wanne tukabaki na dereva, na nitakuwa mwongo nikisema tulibaki kwa ushujaa. Wawili hatukuwa na nauli ya ziada, mmoja alikuwa amelala, na wa nne ndiye aliyelikodi gari.

Fundi alimpigia rafiki yake Iringa mjini, ambaye ana seti ya kurekebishia meno ya aina hiyo, na anajua pa kupata bolti iliyotoka kwenye gari lililokatwa spea. Vitapakiwa kwenye basi linaloshuka asubuhi. Mpaka hapo mechi tulikuwa tumeshaikosa, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Kusubiri kunalegeza ulimi. Kama saa 3 dereva akaanza kuzungumza, huku akimenya yai. Wiki mbili kabla alipeleka gari gereji moja ya Dar, akabadilishiwa bushi za mbele maalumu kwa safari hii. Alifanya hivyo kwa nia njema. Wakati wa kufunga, bolti moja ikawa haionekani. Kijana wa pale akatumwa duka la jirani akarudi na nyingine. Dereva alikuwa amesimama pale pale anaangalia. Alimuona kijana akiingiza, ikagoma, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akajitupa nalo kwa uzito wote. Ikalia kama mlango wenye kutu. "Akaniambia sasa hii imekaza hadi haitoki. Nikampa ya soda."

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja wetu alikumbuka siku aliyotoa hela ya soda kwa kazi ya namna hiyo.

Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba bolti haishiki kwa kuwa imekazwa kwa nguvu. Inashika kwa sababu inapokazwa inavutika kidogo sana, kama springi, na ule mvuto wake wa kutaka kurudi ndio unaobana vitu viwili pamoja. Nguvu kubwa ya mkono wako, karibu asilimia 90, inaishia kwenye msuguano wa meno na kichwa. Kinachobaki ndicho kinachobana. Kwa hiyo meno yakiwa yanakwaruzana vibaya unaweza kutoka jasho, spana ikapinda, ukadhani umekaza kumbe kilichokazwa ni msuguano tu. Bolti haijabana chochote. Ndivyo ilivyokuwa yetu: siku ya kwanza ilikuwa ngumu kama mwamba, na wiki mbili baadaye matuta ya Mikumi yakammaliza.

Jambo jingine: meno hayagawani kazi sawasawa. Jino la kwanza, lile lililo karibu na kichwa cha bolti, linabeba karibu theluthi ya mzigo wote, yanayofuata yanapungukiwa hivyo hivyo. Likikatika la kwanza, mzigo unahamia kwa la pili, nalo halikuumbwa kwa mzigo huo. Ni kama timu inayompoteza beki wa kati dakika ya tano na kocha hana wa kuingiza. Mengine yote yanafuatana.

HATA WAKUBWA INAWAKUTA

Tukiwa chini ya mwembe mtu mmoja akamtaja Thierry Neuville, na nikafurahi, maana kumbe kuna mashabiki wa mpira wanaofuatilia na magari. Mwaka 2021 Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia, Naivasha, Kenya. Mbelgiji huyo aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja, ambayo kwenye rally ni kama kuongoza 3-0. Hatua ya kwanza tu ya Jumapili asubuhi, shokapu ya nyuma kulia ikamsaliti. Akaondoka mashindanoni. Sébastien Ogier akachukua ushindi, Takamoto Katsuta wa pili.

Na zile timu zina mafundi wa kila namna. Lakini wakiwa barabarani, nje ya eneo la matengenezo, sheria inasema anayegusa gari ni dereva na msaidizi wake tu, kwa vifaa walivyobeba ndani ya gari. Ndiyo maana utawaona mabingwa wa dunia wamelala kwenye vumbi la Naivasha na spana mkononi. Sisi tulikuwa tumebeba vuvuzela na jezi za akiba.

Kifurushi kiliingia saa 5 na dakika kadhaa, kondakta akakirusha dirishani basi likiwa halijasimama vizuri. Ndani ya mfuko wa nailoni kulikuwa na ncha ya kutobolea, kikata meno, kijiti cha kuingizia, na vijiwaya vilivyoviringwa, kila kimoja kirefu kama ncha ya kidole. Na bolti mbili, zimechakaa rangi lakini meno yake masafi, namba ya Kijapani kichwani.

Hizo namba nazo zina maana yake. Bolti nyingi za dukani zenye nguvu zimeandikwa 8.8. Tarakimu ya kwanza inakwambia kila milimita ya mraba inahimili mvuto wa karibu kilo 80 kabla ya kukatika. Iliyoandikwa 10.9 ni karibu kilo 100. Isiyoandikwa kitu ni ya kufungia kitanda. Wajapani mara nyingi huweka namba moja tu, kama 7, 9 au 11, na kadiri inavyopanda ndivyo bolti inavyokuwa na nguvu. Yetu ile iliyong'oka? Kichwa kitupu.

Sasa kazi yenyewe. Naieleza kwa urefu kwa sababu nilikuwa nimelala chini ya gari nikishika tochi, na kwa sababu ni kazi nzuri kuitazama.

Kwanza alipanua lile tundu la nati kwa drili, kwa ukubwa unaozidi bolti chini ya nusu milimita. Ni kidogo sana, lakini hicho kidogo kinaondoa mabaki yote ya meno yaliyokufa na kufikia chuma kizima. Kijana wake alikaa ubavuni na pembe mraba ya fundi seremala, anaita: kushoto, kushoto, hapo hapo. Tundu likienda upande, bolti nayo itakaa upande, na kazi yote inakuwa bure. Ilichukua dakika kumi kutoboa urefu wa kidole kimoja. Hakuna aliyemharakisha tena.

Kisha kikata meno. Alikipaka grisi kwenye mifereji yake ili unga wa chuma ung'ang'anie hapo usidondoke ndani ya boriti. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Ukirudisha ile robo unasikia "tk", ni kijisehemu cha chuma kinakatika. Asiyerudisha anavunjia kikata meno ndani, na hicho ni kigumu kuliko drili yako, hukitoi.

Akafuta, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akamulika. Ndani kulikuwa na meno mapya, makubwa kidogo kuliko ya bolti. Hapo ndipo kile kijiwaya kilichoviringwa kilipoingia. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, ukiukata una umbo la almasi: mgongo wa nje unaumana na meno mapya ya nati, na tumbo la ndani ndilo linalokuwa meno ya bolti, yale yale ya 1.25. Ukiuacha huru ni mnene kuliko tundu, kwa hiyo ukishaingia unajitanua na kung'ang'ania wenyewe. Aliuzungusha kwa kijiti hadi ukazama chini ya uso wa nati, kisha akagonga kale kaulimi kake ka kuzungushia kakakatika. Basi.

Nilimuuliza kama hiki kiraka kitahimili Kitonga. Akasema si kiraka. Kwenye mashine za bati jepesi la alumini, alisema, watu wanaweka hivi hata kabla ya kuharibika, kwa sababu alumini ni laini na waya ni mgumu. Na ni kweli, injini za ndege zimekuwa zikifungwa hivyo kwa miongo mingi. Kwenye nati ya chuma kama yetu, kazi ikinyooka, jino jipya halina aibu mbele ya lile la kiwandani.

Bolti iliingia kwa vidole. Hilo ndilo ningependa kila shabiki anayekodi gari alikumbuke: bolti iliyo sahihi, kwenye tundu lililo sahihi, inaingia kwa vidole hadi karibu na mwisho, spana inakuja baadaye. Ikianza na spana, kuna kitu hakipo sawa, na mwambie fundi asimame hata kama utaonekana mjuaji.

Halafu hakuikaza. Nikashangaa. Aliibana kidogo tu, akashusha jeki, akatuambia tuingie wote ndani tukae, na yeye akalala chini akakaza gari likiwa limebeba uzito wake. Bushi ya mpira ikikazwa wakati tairi linaning'inia, mpira unabanwa ukiwa umepinda, na ukishuka chini unaanza safari yake ukiwa umeshajinyonga. Hapa ndipo bushi mpya nyingi zinapofia, na tunailaumu Uchina.

Mwisho akachukua rangi nyeupe, akapiga mstari mmoja unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuendelea kwenye boriti. Mstari ukivunjika, bolti imezunguka. Akatuamuru tusimame Ilula tuangalie. Malipo aliyotaka yalikuwa kidogo kuliko tuliyokuwa tumetenga kwa ajili ya nyama choma.

Tuliondoka saa 6 na nusu mchana. Kitonga tuliipanda kimya, redio imezimwa kwa hiari ya dereva, na kwenye kila kona masikio yetu yote yalikuwa upande wa kushoto. Hakukuwa na ko. Ilula tukasimama, tukainama wote watano kando ya wauza nyanya kama watu wanaotafuta shilingi. Mstari ulikuwa mzima.

Mechi ilianza tukiwa Mafinga. Tuliifuatilia kwa redio, na nyie mnajua redio za porini: sauti inakuja, inakwenda, unasikia "anapiga krosi..." halafu unasikia kwaya. Bao tulilijua kwa honi ya lori lililokuwa likija mbele yetu, dereva wake katoa mkono wote nje na skafu. La nani, hatukujua hadi Makambako.

Mbeya tuliingia saa 3 usiku. Uwanja umefungwa, taa zimezimwa, wauza karanga wameshakwenda kulala. Wale wenzetu watatu walikuwa wanatusubiri kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, sauti zimewakauka, wana furaha ya watu walioona mechi kwa macho yao, na walitusimulia yote hadi kona zilizopotea. Walikuwa na haki ya kutucheka na waliitumia.

Asubuhi yake, kabla hatujapakia mizigo ya kurudi Dar, nilimkuta mwenye nondo ameshafika kwenye gari kabla yetu. Alikuwa amepiga magoti kwenye lami na jezi yake nyeupe, simu mkononi inawaka tochi, kichwa kimezama chini ya tairi la mbele kushoto, anautafuta ule mstari.